Marejeo ni Ngamani

Daftari lilikuwa wazi juu ya baraza, na upepo ulikuwa haujaamua. Ulizifunua kurasa kuelekea mtoni, moja, mbili, tano, ukanyamaza kana kwamba umesahau ulichokuwa ukitafuta, kisha ukazirudisha zote kwa mkupuo kuelekea baharini. Aprili ya Pangani ndivyo ilivyo. Kaskazi imechoka, kusi haijashika, na mashua zinazotoka mlangoni mwa mto hazijui tanga zilielekeze wapi. Wavuvi wana jina la siku hizi: tanga mbili. Nimelipenda jina hilo tangu utotoni kwa sababu halijidai kujua. Linasema tu kwamba upepo una nia mbili, na mwenye chombo naye awe na subira ya watu wawili. Nikaokota kome lililokuwa dirishani kama pambo, nikaligandamiza juu ya ukurasa.

Ukurasa ulionaswa chini ya kome ulikuwa wa jiografia. Mwenye daftari ni binti wa dada yangu, ameingia kidato cha kwanza Januari hii, na kwa hiyo ameingia pia katika lugha nyingine. Shule ya msingi alisomeshwa kwa Kiswahili. Sasa mvua, udongo, mto na mlima vinamjia upya kwa Kiingereza, kama majirani waliobadilishwa majina usiku mmoja. Mwandiko wake ni wa mviringo, wa wino wa buluu. Alikuwa ameandika: “Monsoon: a seasonal wind.” Pembeni mwalimu ametia vema nyekundu, mkia wake umepanda hadi mstari wa juu. Na chini kabisa, kwa penseli hafifu, mtoto amejitafsiria mwenyewe ili moyo utulie: monsuni ni upepo wa msimu. Kabla hajaondoka nilimuuliza upepo huo unavuma wapi. “India, Mjomba,” alijibu bila kusita, na huku ushungi wake unapepea. Akaenda zake tuisheni.

Nimekaa na ule mstari wa penseli kuliko nilivyodhani ningekaa. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Hapa maana imeandikwa waziwazi, kwa mkono wa mtoto asiyejua kwamba ameiandika. Maana kusema monsuni ni upepo wa msimu, ukiyafuata maneno hayo hadi mizizini, ni sawa na kusema Yusufu amefanana mno na Joseph. Ni jina moja. Limeketi mara mbili katika mstari mmoja, mara ya kwanza limevaa koti, mara ya pili limejifunga kikoi, na ndugu hao wawili hawasalimiani.

Mimi mwenyewe sikulijua hilo shuleni. Nililisikia kwa sikio, mbali na nyumbani, nilipokuwa mwanafunzi Pune, magharibi ya India. Mei ya kule ni mwezi wa vumbi na jasho. Mbwa hulala chini ya magari na watu huzungumza kwa sauti ndogo ili wasijichoshe. Jioni moja ya Juni mwenzangu wa chumba cha pili, kijana wa Kerala, alipita koridoni akigonga kila mlango na kutangaza kwa Kiingereza kwamba monsoon imefika. Nikatoka mbio. Nikasimama uani, nikainua uso, nikafumba macho nikiutafuta upepo: unatoka upande gani, una nguvu gani, una baridi au joto. Ndivyo nilivyolea neno hilo kichwani. Kwangu lilikuwa jambo la shingo na masikio. Yule kijana alinitazama akacheka, akanishika mkono, akaukunjua, akauweka nje ya ukingo wa paa. Tone la kwanza lilikuwa zito kama punje ya hindi. Monsoon kwake ni maji. Upepo ni punda tu aliyeyabeba.

Nilijaribu kubisha. Nikamwambia kwetu kuna monsoon ya Desemba hadi Machi, anga jeupe, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuanika. Akasema hiyo haiwezi kuwa monsoon. Kamusi ilikuwa upande wangu, kwa kuwa wataalamu wa hali ya hewa hulitumia neno hilo kwa upepo unaogeuka mwelekeo kila nusu ya mwaka, uwe na mvua usiwe nayo. Lakini mtaa mzima ulikuwa upande wake, umesimama barabarani umelowa, watoto wamevua viatu. Neno likiwa na kesi kati ya kamusi na mtaa, mtaa hushinda. Hapo nikajifunza kwamba maana ya neno unaweza kufundishwa na mwalimu, ila matumizi yake hufundishwa na ngozi. Na jioni ileile, mama aliyekuwa akituuzia chai kwenye kona alitazama juu, akafuta bilauri kwa upindo wa sari, akasema neno moja la Kihindi kwa kuridhika: mausam. Alikuwa akisifu hali ya hewa. Mimi nilisikia msimu. Nikamwomba arudie, akarudia, na chai yangu ikapoa mkononi.

Mzizi ni wa Kiarabu, na hauna maji wala upepo ndani yake. Watu wa jangwani walimchoma ngamia kwa chuma cha moto, mstari au duara, shingoni au pajani, ili akipotea ajulikane ni wa ukoo gani. Chapa hiyo huitwa wasm. Katika mzizi huohuo ndimo lilimochipuka mausim: wakati uliotiwa chapa. Siku za soko kubwa. Siku za hija. Siku za vyombo kung’oa nanga. Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa karne ya 15 kutoka Julfar katika Ghuba, anapoandika mausim huwa anataja tarehe: ukitoka bandari hii kwenda ile, ondoka siku ya ngapi ya Nairuzi, na usiipitishe ya ngapi. Alihesabu kwa Nairuzi, mwaka wa jua, kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11. Ramadhani huzunguka, huingia kiangazi ikatoka masika, lakini upepo haumfuati mwezi, unalifuata jua. Mabaki ya hesabu hiyo yapo kwetu mpaka leo. Kila Julai watu wa Makunduchi, Unguja, hukoga mwaka: huchapana kwa mashina ya migomba, huchoma kibanda, hula pamoja, na watalii hupiga picha wakidhani wametazama mchezo. Kumbe wametazama saa ya mabaharia ikigonga.

Kwa hiyo hapo mwanzo neno lilikuwa miadi. Ahadi ni deni, na mausim ilikuwa deni kati ya binadamu na anga: wewe njoo siku hii, nami nitakuwepo. Lilipotua pwani yetu halikuketishwa sebuleni kama mgeni. Kiswahili kiliiona ile m iliyo mbele, kikadhani, au kikajifanya kudhani, kwamba ni kiambishi cha ngeli, kikalipa wingi wa nyumbani: msimu, misimu, kama mti na miti, kama mto na mito. Lakini hatukulipa kazi ya upepo. Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Kaskazi ilikuwepo, ya Desemba hadi Machi. Kusi ilikuwepo, inayoshika kati ya Aprili na Mei na kuendelea hadi Septemba. Matlai alikuwepo, anayetoka kunakochomoza jua, na maleleji, upepo wa kugeukageuka, usiotabirika. Na pepo hizo ndizo zilizotugawia dunia. Mashariki na magharibi tumepewa na jua, kupitia Kiarabu. Kaskazini na kusini tumepewa na upepo. Mtu wa Dodoma, aliyezaliwa mbali na chumvi, anaposema nyumba yake inatazama kaskazini, anataja tanga pasipo kujua.

“Kaskazi mja na swi, kusi mja na mtama,” walisema wazee wa pwani; swi ni samaki, kwa lahaja za kaskazini. Kila upepo na kapu lake. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka kwa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na mazulia, yakapanda kwa kusi yakiwa na boriti za mikoko za Lamu na Rufiji. Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda chombo cha Wakuwait huko Aden mwishoni mwa 1938, akaja nacho hadi Unguja na Rufiji, akarudi nacho kusi iliposhika, na akaona biashara hiyo ingali hai. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba, hapa na kule Kuwait vilevile. Chumba kilicho nyuma ya baraza hili ni chembamba kwa sababu hiyo: mkoko haukufika mbali zaidi. Na kati ya upepo wa kuja na upepo wa kurudi palikuwa na kungoja. Nahodha aliyefika Februari hakuweza kurudi kwao kabla kusi haijashika, hata kama mama yake angefariki. Basi alikodi chumba, akakopesha, akaugua homa, akasali safu moja nasi, akabishania bei, akaoa. Maneno mengi tuliyonayo yaliteremshwa wakati huo wa kungoja, mtu akiwa hana la kufanya ila kuzungumza.

Wareno hawakujua kungoja. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498, kusi inaanza, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji ule, na kwa siku kama 23 wakaiona India. Lazima ilionekana kazi nyepesi. Oktoba hakutaka kusubiri kaskazi itulie. Aling’oa nanga akaanza kurudi. Safari ileile ikamla takriban miezi mitatu. Upepo ulikufa, ukaja kwa mbele, ukafa tena; ufizi wa mabaharia ukavimba kwa kiseyeye; watu kama 30 wakatoswa baharini. Walipoiona pwani ya Mogadishu, Januari 1499, walikuwa wachache mno kwa merikebu walizokuwa nazo, na baada ya Malindi wakaichoma moto moja, São Rafael, kwa kukosa wa kuiendesha. Mabaharia wetu huita kwenda dhidi ya upepo kubisha, neno lilelile la kubishana na la kubisha hodi. Da Gama alibisha katika maana zote tatu, na ya tatu ndiyo tuliyoilipia sisi. Lakini kuhusu neno letu, nadhani hapo ndipo alipojifunza maana yake: hakuna aliyejua msimu vizuri kuliko yule aliyeuvunja.

Ndimi za Wareno zikaligeuza mausim kuwa monção. Kule Brazil, katika karne ya 18, likawa hata jina la misafara ya mitumbwi iliyopanda mito kufuata dhahabu, mahali ambapo kaskazi na kusi hazijawahi kusikika. Waingereza walilipokea mwishoni mwa karne ya 16, likawa monsoon, na hapo miadi ikawa upepo. Mwaka 1686 Edmond Halley, yuleyule wa nyota yenye mkia, alichora ramani ya pepo hizo na kutafuta chanzo chake katika joto la jua. Baadaye, Waingereza walipoitawala India na kuhesabu kodi kwa mavuno ya mpunga na pamba, macho yao yalitoka baharini yakahamia mashambani, na upepo nao ukawa mvua. Kila aliyelibeba neno hili alilijaza alichokihitaji kutoka mbinguni. Mfanyabiashara alitaka tarehe, nahodha alitaka upepo, mtoza kodi alitaka maji. Anga ni moja. Mifuko ndiyo mbalimbali.

Na kweli anga ni moja, kuliko nilivyofahamu siku ile uani Pune. Mwezi wa Mei bara la Asia hupata joto, hewa yake ikapanda, na hewa ya baharini ikavutwa kujaza pengo. Upepo wa kusini ya Ikweta hupanda kando ya pwani yetu, huivuka Ikweta, na kwa kuwa dunia inazunguka, hupinda kulia kuelekea Bahari ya Arabu, ukinyonya maji njia nzima, mpaka unapojigonga kwenye milima ya magharibi ya India. Karibu na tarehe 1 Juni hufika Kerala. Siku chache baadaye, Pune. Yaani kusi inayoinamisha minazi ya Pangani na kuchafua bahari hata wavuvi wakakaa pwani wakishona nyavu, ndiyo mvua ya yule kijana. Tulikuwa tukibishania kitu kimoja kilichobadili nguo njiani. Yeye alikishika mkia, mimi nilikishika kichwa. Binti wa dada yangu hakukosea aliposema India. Amekosa tu kuambiwa kwamba upepo huo, kabla haujawa wa India, hupita kwanza katika ushungi wake.

Nisimlaumu mtoto, wala mwalimu wake. Sisi wenyewe tumeutoa msimu baharini. Leo kuna msimu wa korosho, msimu wa ligi, msimu wa harusi; wachezaji husajiliwa na kuachwa kwa misimu, na hakuna anayekumbuka chombo. Walimu wa lugha nao huita misimu yale maneno ya mitaani yanayozuka vijiweni, yakavuma, yakazimika, na nadhani hilo ndilo tumizi la karibu kabisa na bahari. Neno hushuka na upepo wake, hukodi chumba mjini, na wengi huondoka upepo ukigeuka. Machache huoa. Daladala lilikuja hivyo, likabaki, sasa limo katika kamusi na hakuna anayeliuliza kabila lake.

Siku hizi wazee wa hapa husema misimu imeharibika. Masika huchelewa, au huja yote kwa wiki moja, au hupita pembeni. Mapema Mei 2024, katika siku kama hizi za tanga mbili, kimbunga kilifika Mafia, jambo ambalo pwani ya Tanzania imeliona mara chache mno. Jina lake lilikuwa Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza, watu wakafunga mabanda kwa kamba, na redioni neno tulilozoea kulitumia kwa zawadi likawa linatajwa pamoja na mawimbi na kasi ya upepo. Neno kimbunga tulikuwa nalo siku zote. Tulilihifadhi kama sahani za wageni. Sasa tunajifunza matumizi yake, kwa ngozi, kama mimi nilivyojifunza monsoon. Na hapo ndipo ule mzizi wa chapa unaponiuma. Kama msimu ni wakati uliotiwa alama, na alama inafutika, tutabaki na neno gani mkononi? Ngamia asiye na chapa bado ni ngamia, lakini akipotea, nani atajua amrudishe kwa nani?

Wazee walikuwa na methali nyingine, ya chomboni: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma, omo ni mbele, na ngama ni kule chini katikati, ambako maji yote ya chombo hukusanyika yakisubiri mtu wa kuyafua. Neno hili limekwenda omo hadi Lisbon na London, limekwenda tezi hadi Pune, na limerejea Pangani kwa njia ya kitabu cha jiografia. Nilichukua kalamu. Nilitaka kumwandikia pembeni, kwa herufi ndogo, kwamba hawa wawili ni ndugu. Kisha nikaitazama ile vema. Ilikuwa imekaa pale nyekundu, imekolea, mkia juu, kama chapa iliyochomwa kwenye paja la ngamia, na jibu lilikuwa sahihi. Mtihani utaulizwa hivyohivyo. Nikairudisha kalamu mfukoni.

Alirudi jioni, vumbi miguuni, akaniamkia shikamoo ya pili ya siku hiyo kwa mazoea tu, akachukua daftari. Kome likamwangukia kiganjani. Akauliza kwa nini nimeweka kome juu ya kazi yake. Nikamwambia, tanga mbili. Akatazama mtoni, akatazama baharini, akatafuta ndani ya begi lake mpaka akaipata ile penseli.

“Na hiyo, Mjomba, kwa Kiingereza inaitwaje?”